Kopo la Pili

Akitoka shule, Mbona hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia hospitalini kwa mama yake, mtunza bustani. Jina halisi la mtoto huyo lilibaki daftarini tu. Watu walimwita Mbona kwa sababu maswali yake yote yalianzia hapo. Mbona mnyoo hana macho? Mbona nyasi hukatwa na hazichoki kuota?

Nyasi alizotunza mama zilikuwa mbele ya wodi ya mifupa. Hapo wagonjwa waliotolewa plasta walijifunza kutembea tena, pekupeku, wakishika magongo. Aliyeanguka kwenye nyasi aliinuka akicheka. Lakini sasa nyasi zilikuwa zimegeuka manjano, na muuguzi mkuu alikuwa ametoa mwezi mmoja: zisipopona, patamwagwa saruji.

Mama akaenda na Mbona kwenye duka la mbolea. Muuza duka, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, hakukimbilia kuuza. Aliuliza kwanza kama nyasi ni changa au za zamani. Changa, alisema, zingetaka mbolea ya kupandia, inayotia nguvu mizizi. Hizi za zamani zilizofifia majani zinataka ya kukuzia. Akawaonyesha tarakimu tatu kwenye mfuko: ya kwanza ya majani, ya pili ya mizizi, ya tatu ya kuvumilia ukame na magonjwa. Mfuko wao uliandikwa arobaini na sita, sufuri, sufuri.

"Mbona mmeandika sufuri? Si mngeacha wazi?" Mbona aliuliza.

"Ili usije ukanidai mizizi, mjukuu wangu," alijibu muuza duka, na mama akacheka hadi akashika meza.

Kipimo kilikuwa kopo moja la maziwa kwa eneo la hatua kumi kwa kumi. Nusu irushwe ukienda kwa urefu, nusu kwa upana, ili nyasi zisiote mistari kama pundamilia. Majani yawe makavu, jua limepoa, kisha maji mengi hadi punje ziyeyuke.

Jioni hiyo mama alimwachia Mbona pembe iliyo karibu na benchi. Mbona alirusha kopo lake vizuri. Kisha akawaza: kama kopo moja linaponya kwa mwezi, mawili si yatamaliza kazi kwa wiki mbili? Mama alipokwenda kufungua bomba, akachota la pili.

Siku ya tano, pembe ya Mbona ilikuwa kahawia kama iliyopigwa pasi. Mama alishika kichwa. Alisema wameuziwa mbolea mbovu, akabeba mfuko uliobaki aende kumrudishia mwenyewe.

Mama alipokuwa akivaa viatu, Mbona alichuchumaa mahali ambapo mbwa wa mlinzi alikojoa kila asubuhi. Katikati nyasi zilikuwa zimekufa. Pembeni zilikuwa za kijani kuliko popote. Akaifuata ile duara kwa kidole, polepole. Mbwa ni yuleyule, mkojo ni uleule. Katikati ulimwagika mwingi. Pembeni ulifika kidogo. Basi mbolea haikuwa na kosa.

Dukani mama aliutua mfuko mezani na kusema maneno makali mbele ya wateja. Muuza duka alivua miwani, akawa anaifuta tu. Mbona akamshika mama mkono.

"Mama, si yeye. Ni mimi. Niliweka kopo la pili."

Mama aliomba radhi mbele ya wateja walewale. Muuza duka hakuizungumzia aibu. Aliuliza tu zimepita siku ngapi. Alisema huenda mizizi ingali hai. Wamwagilie pembe hiyo asubuhi na jioni kwa wiki nzima, mbolea iliyozidi izame chini, na penye mapengo wapandikize vipande kutoka upande uliostawi.

Mbona alibeba ndoo hadi mabega yakauma. Mwezi ulipotimia, muuguzi mkuu alikuja, akavua viatu, akatembea mpaka kwenye benchi. Hakutaja saruji.

Alipoondoka, mama alimketisha Mbona kando yake. "Mwanangu, ungenyamaza, tungemharibia mtu jina bure, na mimi ningenunua mbolea nyingine niimwage palepale palipoungua. Ulisema mapema, ndiyo maana maji yametosha."