Taa ya Twiga Haikuzimika

Duka la kuchapisha michoro lilikuwa limefurika, na foleni nzima ilishamchoka kijana mmoja mchora ramani. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, lakini jasho lilimtiririka, maana programu ya kuchorea kwenye kompyuta yake ya mkononi ilikuwa imegoma kufunga na kuuachia mchoro uchapishwe.

"Kaka, tulale hapa?" mtu akafoka.

"Hebu nione," akasema dada aliyekuwa nyuma yake, gauni la rangi ya haradali na raba miguuni. Akabonyeza hapa na pale. "Programu yako haina kosa. Kuna kiprogramu kidogo umekipachika ndani yake, kimeushika mchoro wako na hakitaki kuuachia. Kisipoachia, programu kubwa haifungi ng'o."

"Kama mgeni asiyejua kuaga?"

"Huyo huyo! Dirisha litaondoka kwenye skrini, kumbe yenyewe iko chini kwa chini inaendelea."

"Na wewe haya umeyajulia wapi?"

"Ndiyo kazi yangu, naviandika hivyo viprogramu."

"Basi niandikie na namba yako ya simu."

Foleni ikacheka. Na namba akaandikiwa.

Wakapendana hao, jamani, mpaka wakawa kero kwa wenzao. Kijana alimwita dada Fundi, naye akaitwa Twiga kwa urefu wake. Haukupita muda Fundi akapewa kazi na ofisi ya akina Twiga, awaandikie kiprogramu cha kuhesabu milango na madirisha kwenye ramani. Watu wawili tu ndio waliopewa kukijaribu: Twiga, na dada wa mapambo ya ndani, mrembo wa haja, kucha ndefu na kicheko kirefu kuliko kucha. Ofisi ilikuwa na ubao mtandaoni. Ukifungua programu ya kuchorea, taa ya kijani inawaka kwenye jina lako, ukifunga inazimika. Fundi aliuona ubao huo akiwa kwake.

Wakati huo mama yake Twiga alikuwa amelazwa. "Anataka kumwona mkwe wake kabla hajaondoka," Twiga alimwambia. "Hana siku nyingi, mpenzi." Fundi akasema kesho, halafu tena kesho, kazi imemkaba.

Jioni ya siku walipokipokea kiprogramu, simu ikalia.

"Laazizi, njoo hospitali sasa hivi. Mama amezidiwa, anakuulizia."

Fundi akautupia jicho ubao. Taa mbili tu zilikuwa zinawaka, ya Twiga na ya dada wa mapambo. Wivu ukampanda mpaka kooni.

"Hospitali gani hiyo yenye ramani? Uko ofisini na huyo mwenye makucha!"

"Nini? Nimefunga kila kitu tangu mchana, nakuapia!"

"Taa yako naiona kwa macho yangu! Unamtumia mama mgonjwa kunidanganya, huna hata haya?"

"Mama anahema hapa kwa shida, wewe unaniambia habari za taa? Njoo kwanza, Fundi, nakuomba. Utanitukana baadaye."

"Usinipigie tena!" Akakata, akaizuia namba yake. Hasira hasara, tunaambiwa kila siku, lakini mwenye wivu ana masikio?

Wiki iliyofuata akapigiwa na dada wa mapambo. Fundi alipokea akiwa tayari kwa ugomvi.

"Samahani, dada, kile kiprogramu chako kina shida. Tangu nikiweke, nikifunga programu taa yangu haizimiki. Hata ya Twiga inawaka mpaka leo, na mwenyewe yuko kwao, wamemzika mama yake."

Fundi akakata simu. Akafungua kazi yake, akaisoma yote. Kiprogramu chake kilikuwa kinaushika mchoro ili kihesabu milango, na hakuna mahali alipokiagiza kiuachie. Kosa lile lile alilolijua kama jina lake! Akalirekebisha palepale, kisha akakimbilia kwao Twiga.

Akamkuta anakunja nguo za marehemu, shati limejikunja, macho mekundu.

"Kosa ni langu, Twiga. Ulikuwa umefunga kweli. Ni kiprogramu changu kilichoshikilia."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Nisamehe, mpenzi wangu."

Twiga akaweka gauni moja juu ya mengine. "Mama aliuliza, 'Mkwe wangu yuko wapi?' Nikamwambia uko njiani. Akaomba tumketishe, eti mkwe asimkute amelala. Alifariki ameketi, anatazama mlango."

Fundi akaangua kilio.

"Maisha yangu yote sijamdanganya mama," Twiga akasema. "Nilimdanganya siku ile, kwa ajili yako."

"Turudiane, Twiga. Nitafanya lolote."

"Kukusamehe, nimekusamehe. Na kukupenda bado nakupenda, nitaficha nini? Lakini nikikutazama namwona mama na ule mlango. Siwezi kukuoa, Fundi."

Akamsindikiza mpaka barabarani, maana ndivyo mama yake alivyomlea. Akamsimamishia teksi, akamfungulia mlango, akasubiri akae vizuri.

"Ukifika..." akaanza, kama alivyozoea kumwambia kila wanapoachana. Kisha akafunga mlango.