Hawakuambiwa Tawanyika

Yaliyompata Mama Vifungo nilisimuliwa na mzee wa geti, na mzee wa geti si mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia asubuhi, jibu unaweza kulipata mchana. Kwa hiyo siku aliponiita mwenyewe na kuanza kusema bila kuulizwa, nilivuta kiti nikakaa.

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani wa chuo cha maofisa wa jeshi la majini. Kwa miaka thelathini hakuna kadeti aliyevaa sare pale bila kupimwa mabega na yeye, na kutaniwa pia. "Wewe bahari itakuuliza umekuja na mzazi gani," aliwaambia wale wembamba. Aliishi nyumba za watumishi, hatua chache kutoka chumba chake cha kushonea, na humo ndimo alimomlea mwanawe wa pekee. Alimwita "baba", maana mtoto alirithi jina la babu yake. Utotoni, kila jioni alimsubiri mama dirishani, amesimama kwa ncha za vidole, kidevu kimefika kwenye kizingiti kwa taabu.

Mtoto alikua, akaingia chuoni, akapewa namba arobaini na moja. Mwaka wa pili mashua ya mazoezi ilipinduka. Watano hawakuonekana tena, na yeye alikuwa mmoja wao. Hakuna kaburi lililochimbwa, kwa sababu hakukuwa na cha kuzika.

Lakini chuo kilikuwa na desturi yake. Namba ya aliyepotea baharini hakupewa mtu mwingine. Iliitwa kila asubuhi kwenye gwaride pamoja na za walio hai, nafasi yake mstarini iliachwa wazi, na aliyesimama kulia kwake alimjibia.

"Arobaini na moja!"

"Yupo!"

Mama Vifungo alilisikia jibu hilo akiwa kwenye cherehani yake, kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Watu walishangaa anawezaje kuendelea kufanya kazi pale. Hawakujua kwamba ni neno hilo tu lililokuwa likimtoa kitandani.

Kisha ikaja amri ya kuhama. Chuo kilijengewa majengo mapya, mbali sana na pale. Siku ya kuondoka gwaride lilipangwa kama kawaida, namba zikaitwa, watano wale wakajibiwa. Kabla gwaride halijavunjwa, mvua ilishuka ghafla. Mabasi yakapiga honi. Mkufunzi wa gwaride, akili yake ikiwa kwenye masanduku, akapaza sauti: "Haya, haya, pandeni magari!"

Wakakimbia. Hakuna aliyesema "tawanyika", amri ya kuvunja gwaride. Ni neno moja tu, na siku ya kuhama nani angelikumbuka?

Mama Vifungo aliachwa nyuma wiki tatu akabidhi chumba cha kushonea. Asubuhi ya nne mvua ilinyesha tena. Alisimama mlangoni akitazama uwanja wa saruji ukilowa. Ulilowa wote, isipokuwa mahali kumi. Palikuwa padogo, pawili pawili, kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Palikuwa na umbo la nyayo.

Mvua ilizidi. Pale palibaki pakavu.

Alimwita mzee wa geti, aliyebaki kulinda chuo. Mzee alitazama, kisha akavua kofia taratibu.

"Hawakuvunjwa," alinong'ona.

"Akina nani?"

"Usiniulize unachokijua, mama. Waliitwa, wakajibiwa, hawakuambiwa tawanyika. Mwanajeshi haondoki hivi hivi."

Mama alimpigia simu mkufunzi wa gwaride. Alimweleza kwa mzunguko, akiogopa kuonekana amechanganyikiwa. Mkufunzi alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama yangu, huku tumeanza upya. Mambo yale tuliyaacha huko huko."

"Na arobaini na moja?"

"Amepewa kijana mmoja, mzuri tu."

Alikata simu.

"Basi wavunje wewe," mzee alimwambia. "Neno moja tu."

Angeweza. Hakutaka. Akilisema, mwanawe anaondoka mara ya pili, na safari hii ni yeye mama atakayekuwa amemfukuza. Kwa hiyo kila iliponyesha alibeba kiti chake hadi ukingoni mwa uwanja, akakaa kuielekea jozi ya tano, mahali pa namba ya mwanawe, akapiga soga. "Yule mwenzako aliyekuwa kulia kwako ana watoto wawili sasa, baba. Kitambi kimemtoka, ungemcheka." Alijua ni ubinafsi. Alijua, na akaendelea.

Siku yake ya mwisho mvua ilianza wakati gari la mizigo linapakiwa. Alikwenda kuaga. Jozi nne zilikuwa palepale. Ya tano haikuwepo. Mahali pake palikuwa na viduara viwili vikavu.

Magoti.

Na mbele ya magoti, kiganja. Mwanawe alikuwa ameanguka kwa uchovu, na hata hivyo hakutoka mstarini.

Kilio kilichomtoka kiliwasimamisha wapagazi. Alivua viatu, akaingia kwenye mvua, akasimama pale anaposimama mkufunzi. Aliita namba moja baada ya nyingine. Nne zilipita kimya. 

"Arobaini na moja!"

Mvua ilisikika peke yake. Kisha, karibu sana, sauti ya mtu mwenye maji kinywani.

"Yupo."

Hakujibiwa na mwenzake. Alijibu mwenyewe.

"Nisamehe, baba," alisema mama. Kisha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Gwaride, tawanyika!"

Maji yakafunika uwanja wote. Mama Vifungo alifunga nyumba yake tupu, akamkabidhi mzee ufunguo, akapanda gari. Hakugeuka. Alijua akigeuka hataondoka.

Baada ya saa moja simu yake iliita.

"Mama, rudi," alisema mzee wa geti.

"Kuna nini?"

"Wewe rudi tu."

Dereva alilalamika, akamtazama usoni, akageuza gari.

Mzee alikuwa amesimama nje ya nyumba, ufunguo mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa kama ulivyoachwa. "Nimesikia mtu ndani," alisema. "Alikuwa anaita mama." Ufunguo ulikosa tundu mara mbili.

Sakafu aliyoifagia mama asubuhi ilikuwa na nyayo za maji. Zilianzia mlangoni, nyayo za viatu vya gwaride. Zilikwenda hadi pale kilipokuwa kitanda chake. Zikageuka. Zikaenda pembeni, ilipokuwa cherehani ya nyumbani. Zikageuka tena. Zikaenda jikoni, na nyuma ya mlango wa jikoni.

Hapo ndipo mama alipoelewa. Kadeti akiambiwa tawanyika, anakwenda nyumbani. Mwanawe alikuwa amekuja nyumbani, akamtafuta mama yake chumba kwa chumba, na mama yake alikuwa ndani ya gari, hataki kugeuka.

"Usiendelee," alinong'ona mzee.

Aliendelea. Kutoka jikoni nyayo hazikuwa na viatu tena. Zilikuwa fupi. Kila hatua ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, mpaka unyayo mmoja ungefunikwa na kiganja chake.

Za mwisho zilikuwa chini ya dirisha, zimeelekea barabara. Hazikuwa na visigino. Vilikuwepo vidole tu, kumi, vya mtoto wa miaka saba. Na juu kwenye kizingiti, tone moja la maji, pale kidevu kinapofika kwa taabu.

Mama Vifungo alipiga magoti akaweka kiganja juu ya vile vidole. Mzee hakuweza kumwinua hadi jua lilipozama.

Maji yalikauka siku ileile. Chumvi viliyoiacha vile vidole sakafuni, anasema mzee wa geti, ameisugua kwa brashi na sabuni, na bado ipo.