Glavu ya Himbi

"Nani aliivaa kabla ya mama yangu?"

Athanasie aliuliza mara moja tu, jua likizama upande wa Sake, na hakuna aliyemjibu. Julien, mgawa vifaa wa biro ya Himbi, ofisi inayowaazima wagonjwa vifaa, alikuwa akifunga madirisha. Akamsukumia boksi. Ndani, glavu ya kijivu yenye nyaya na mota ndogo kwenye kila kidole, ya kuufundisha upya nyumbani mkono uliopooza. Akacheka kwa pua. Eti dada wa université, bingwa wa mijadala, anaogopa glavu?

Athanasie akaona haya. Akabeba.

Mama yake, Mukagasana, mshonaji wa Majengo, alikimbia lava ya volkano mara mbili, cherehani kichwani, bila kuanguka. Kilichomwangusha ni wiki ile vita ilipoingia mjini: asubuhi moja mkono wa kuume ukakataa. Tangu hapo nyumba nzima ilikuwa inangoja vidole vitano.

Nyumbani, jirani yao, mama Domitille, mjane mzee, aliitazama glavu bila kuigusa.

"Kama mwenyewe alikufa, kitu yake haivaliwake mpaka kilio chake cha matanga kiishe."

Athanasie akamjibu kama anavyowajibu wapinzani jukwaani: betri haina kilio, na ujinga wa namna hiyo ndio uliotumaliza. Domitille akatikisa kichwa. Akajiegemeza kwenye kiti kando ya Mukagasana, akasinzia.

Mama akavishwa glavu, ikawashwa. Ngrr... ngrr... Vidole vikafunguka, vikafunga. Mukagasana akatokwa na machozi ya furaha. Zoezi likaisha, Athanasie akachomoa betri, akaiweka mezani.

Ngrr...

Mkono ukainuka.

Harufu ya klori ikajaa chumba. Mkono ukasogea taratibu hadi usoni pa Domitille, na vidole viwili vikashuka juu ya kope zake, kwa upole, kama vya mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi mno.

"Huu mukono hauko wangu," mama akanong'ona.

Asubuhi Domitille hakuamka.

Watu wakasema tension, shinikizo la damu. Athanasie akaifunga glavu ndani ya boksi.

Akairudisha glavu Himbi. Alisimama mlangoni, boksi mkononi, mpaka Julien akainamisha kichwa. Ni muzee fulani, akasema kwa sauti ya chini. Wakati ule wa vita alikuwa akiosha maiti kwa klori, akizifumba macho moja moja, mpaka mkono wake mwenyewe ukapooza. Alikufa akiwa ameivaa. Kilio chake bado kuisha.

"Na mulitupatia?"

"Ziko mbili tu, dada. Na tuliipangusa."

Waliipangusa. Vita nzima, kwa kitambaa. Julien akaipangusa tena mbele ya macho yake, akaiweka rafuni, akaita mgonjwa aliyefuata.

Leo Mukagasana anashona. Uzi unaingia kwenye sindano mara ya kwanza. Lakini jua likielekea Sake, klori hunuka tena, na mkono ule, mtupu, bila glavu, huinuka ukimtafuta binti yake. Athanasie hasinzii saa hiyo. Hukaa mbali na kiti cha mama, macho wazi...

Wewe unayesikiliza, wakikupatia glavu ya kijivu pale Himbi, uliza nani aliivaa kabla yako. Usiibebe mpaka wajibu.