Maji Yaliyopanda kwenye Gari la Shemeji

Giza lilikuwa linaanza kubisha hodi, na Bi Spana alikuwa ameshanawa mikono kwa sabuni ya unga, tayari kufunga gereji, shemeji yake alipoingiza gari likimwaga maji chini kama mtoto aliyejikojolea.

"Linatapika tena," alisema shemeji. "Nifungie mfuniko mpya wa rejeta tu, tuondoke. Safari ni ndefu."

Kwenye kiti cha pembeni alikaa Kitinda, mdogo wake Bi Spana, kitindamimba wao, mke wa mtu kwa miezi miwili sasa. Jioni hiyo walikuwa wanahamia kituo kipya cha kazi cha mumewe. Mwendo wa saa tisa, na nusu ya njia haina nyumba wala mtandao wa simu. Habari hiyo haikumkalia vizuri Bi Spana tangu alipoambiwa. Shemeji mwenyewe alikuwa mpole, lakini upole wa mtu anayenyata. Mke wake wa kwanza, alisema, "aliondoka". Aliondoka kwenda wapi, na nani, kwa usafiri gani? Sentensi yake haikuwahi kufika huko.

"Sibadilishi kitu kabla sijajua ubovu uko wapi," alisema Bi Spana. "Shukeni wote."

Ndivyo alivyofanya kazi, na ndivyo alivyowachosha wateja. Aliondoa sababu moja baada ya nyingine mpaka ibaki moja. Mafundi wenzake wakishindwa na gari husema limerogwa. Yeye aliwaita wavivu, tena mbele za watu.

Alisubiri injini ipoe, akafungua mfuniko kwa kitambaa, robo mzunguko kwanza. Springi yake nzima. Akajaza yale maji ya kijani ya kupozea injini, akabandika utepe kwenye chupa ya akiba kuonyesha usawa wake, akawasha. Nusu saa nzima. Mpira wa juu wa rejeta ukapata moto, wa chini ukafuata. Feni ikaanza kuzunguka yenyewe. Hakuna hata kiputo kimoja kwenye maji, kwa hiyo gasketi ya injini haikuungua. Maji yakapanda kidole kimoja juu ya utepe, kama yanavyopaswa yakipata moto, yakatulia hapo.

"Gari lako zima," alisema akizima injini.

"Si nilikwambia? Mke wangu, panda."

Kitinda akapanda.

Blup.

Bi Spana aligeuka. Injini kimya, ufunguo mkononi mwake. Lakini ndani ya chupa maji yalikuwa yanapanda... yakajaza shingo... yakasukuma kifuniko chake kikadondoka. Yakamwagikia injini iliyokuwa bado ya moto.

Bila mvuke. Hata uzi mmoja wa mvuke.

Alitia kidole. Baridi, kama maji ya kisimani. Wala hayakuwa ya kijani. Na harufu yake... harufu ya tope la chini kabisa bwawani, lile lisilojua jua.

"Shuka," alimwambia mdogo wake.

"Dada, ndiyo kwanza nakaa."

"Shuka, Kitinda."

Aliposhuka, maji yakakoma.

Bi Spana akakaa yeye kwenye kiti kile, Kitinda akiangalia chupa. Hakuna kitu. Akamwita shemeji.

"Nikae ili iweje?"

"Shemeji, nilisoma chuo miaka minne, nikatoka nikijua kutofautisha sababu na kisingizio. Kaa."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, amebana miguu, kama mgeni anayeogopa kuchafua kitanda. Hakuna kitu.

Akapanda tena Kitinda.

Blup.

Alipomshusha, walisimama nyuma ya boneti lililo wazi, ndugu wawili, vichwa vimekaribiana.

"Dada... ni pepo?" Kitinda alinong'ona.

"Usiniulize mambo ya pepo."

"Sasa ni nini?"

"Ni wewe. Vingine vyote nimeviondoa."

Bi Spana alijisikia mjinga kusema hivyo. Akatoka akamkabili mwenye gari.

"Mwenzako wa kwanza alikuwa anakaa kiti hicho?"

"Angekaa wapi tena?"

"Akaenda wapi?"

"Aliondoka, shemeji." Alipangusa viganja kwenye suruali, ingawa vilikuwa vikavu. "Hayo ni maji tu. Twende, mke wangu, tunachelewa."

"Hapandi gari bovu," alisema Bi Spana.

"Umesema mwenyewe ni zima."

"Nilikuwa sijamaliza kazi."

Kitinda alimtazama dada yake, akamtazama mumewe, akalitazama dimbwi lililokuwa likitambaa kuelekea viatu vyake. Akarudi hatua moja.

"Tangulia," alimwambia mumewe. "Nitakuja na basi."

Hakuna aliyeamini habari ya basi. Bi Spana alingoja ugomvi. Akashika spana, kwa siri, nyuma ya gauni la kazi. Lakini shemeji hakubisha. Alishusha sanduku la mkewe taratibu, akalisimamisha sakafuni, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Akaingia kwenye gari peke yake, akawasha.

Tii... tii... tii...

Kilikuwa ni kile kilio cha gari cha kumkumbusha abiria wa mbele afunge mkanda.

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Taa ya gereji ilikimulika chote, mpaka mishono.

Tii... tii... tii...

Shemeji hakushtuka. Hakugeuza hata shingo. Macho yake mbele, barabarani, alinyoosha mkono, akavuta mkanda akiupitisha juu ya kile kiti kitupu... akaubana.

Klik.

Mlio ukakatika. Gari likatoka getini polepole, bila kudondosha hata tone.

Ndugu wale wawili walilisindikiza kwa macho mpaka taa za nyuma zilipopotea. Kisha vidole vya Kitinda, baridi, vikamshika dada yake kiwiko.

"Na mimi hunifunga yeye," alinong'ona. "Kila siku, dada. Hataki niushike mkanda mwenyewe... wala hataki niufungue."