Phelesia na Chumba cha Tatu

Kila asubuhi Phelesia alifagia uwanja kabla ya kwenda shule. Alianzia mlangoni pa bibi yake, akapita mbele ya vyumba vitatu vya kupangisha, akamalizia kwenye michongoma iliyopakana na barabara ya Oyugis. Kisha alichota maji ya bibi, akamwekea uji mezani na kumshika mkono ili aguse kikombe kilipo. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu, naye hakuona mbali zaidi ya urefu wa mkono wake.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Phelesia alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake alifanya kazi katika mashamba ya chai kule Kericho, akija nyumbani Krismasi tu. Vyumba vile vitatu pale sokoni Kosele alivijenga baba, na kodi yake ndiyo iliyomlisha bibi na kumsomesha Phelesia.

Kwa miaka mitatu, chumba cha tatu kilikaliwa na Mwalimu Momanyi na binti yake, Nyanchoka. Wasichana hao wawili walikwenda kisimani pamoja na kusoma kwa taa moja. Mwezi wa Mei mwalimu alihamishiwa shule ya mbali, Kegonga. Lori lilikuja likapakia vitanda na masanduku, na Nyanchoka akaondoka ameketi juu ya godoro, akipunga mkono mpaka vumbi likamficha.

Baada ya hapo jioni zilikuwa ndefu. Chumba cha kwanza kilikuwa ghala la mahindi la mfanyabiashara aliyekuja mara moja kwa wiki. Katika cha pili alikaa Mama Nyanchama, muuza ndizi kutoka Kisii, na mtoto wake mchanga aliyeitwa Machuki. Lakini Nyanchama alirudi kutoka sokoni akiwa amechoka, akapika na kulala. Phelesia alizoea kuketi kwenye kizingiti cha chumba cha tatu, mlango mtupu nyuma yake, akisikiliza watu wakipita barabarani.

Jumapili moja alikuja mwanamume mrefu, amevaa kofia, amebeba kinanda cha santuri kwapani. Aliitwa Dishon, mchuuzi wa ngozi.

"Mama, nimesikia una chumba," alimwambia bibi. "Mimi ni mtu wa amani. Jioni narudi, nasikiliza nyimbo zangu, nalala."

Alimtabasamia Phelesia kwa upole, akaweka santuri chini na kupiga wimbo mmoja. Uwanja mzima ukajaa sauti. Phelesia hakukumbuka mara ya mwisho uwanja ule ulipokuwa na sauti.

"Ulikuwa ukikaa wapi?" bibi aliuliza.

"Oyugis, kwa Mzee Elkanah, karibu na soko."

"Sawa. Rudi keshokutwa nikupe jibu."

Dishon alipoondoka, bibi alimwita mjukuu wake. "Kesho ni sikukuu, hakuna shule. Utakwenda kwa Mzee Elkanah. Muulize huyu mtu alikaa naye vipi, na kwa nini alihama. Mimi siwezi kumtazama mtu usoni nikamjua. Macho yangu ni wewe."

"Ndiyo, Dana," Phelesia alijibu. Hivyo ndivyo alivyomwita bibi yake kwa Kijaluo.

Kesho yake aliondoka mapema. Njia ilikuwa ndefu na jua kali. Alipofika kwenye kijito aliketi juu ya jiwe, akaanza kufikiri. Itakuwaje mzee akisema mtu huyu hafai? Chumba kitabaki kitupu. Atarudi kuketi kizingitini peke yake, wiki baada ya wiki. Aliketi pale mpaka kivuli chake kikaanza kurefuka. Kisha akainuka, akageuka, akarudi Kosele.

"Umemkuta?" bibi aliuliza.

"Nimemkuta, Dana. Amesema ni mtu mzuri."

"Amesema kwa nini alihama?"

"Alitaka kuwa karibu na soko la huku."

Bibi aligeuza uso kufuata sauti yake. "Umemkuta kweli, Phelesia?"

"Ndiyo, Dana."

Dishon akahamia. Wiki ya kwanza santuri ililia kila jioni. Wiki ya pili alileta ngozi mbichi za ng'ombe, akazitandaza ndani ya chumba kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Akafunga mlango kwa kufuli, akaenda zake kwenye minada ya mifugo. Siku nne hakuonekana. Harufu ilipenya chini ya mlango, na nzi wakajaa uwanjani, wakatua kwenye vikombe, kwenye sufuria, kwenye uso wa mtoto Machuki.

Aliporudi, bibi alimsihi azitoe. "Kesho, mama, kesho," alisema, akaleta nyingine.

Machuki akaanza kuharisha. Nyanchama alimpeleka zahanati, na mhudumu akamwambia amwondoe mahali penye nzi. Asubuhi iliyofuata alifunga vyombo vyake kwa kanga.

"Sina ugomvi na wewe, mama," alimwambia bibi. "Lakini huyu ndiye mtoto niliye naye."

Phelesia alimsaidia kubeba kikapu hadi barabarani. Alitaka kusema neno, lakini alimkabidhi tu kikapu. Alirudi uwanjani, na sasa hapakuwa na mtu hata mmoja. Dishon alikuwa mnadani, na santuri yake imefungiwa ndani na ngozi zake.

Kesho yake asubuhi bibi alichukua fimbo yake. "Nipeleke Oyugis," alisema. "Mzee Elkanah alituambia mtu huyu ni mzuri. Basi aje aseme naye, huenda atamsikia."

Phelesia alipiga magoti mbele yake. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Dana, sikufika Oyugis. Niliketi kwenye kijito nikarudi. Nilikudanganya."

Bibi hakupaza sauti.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema. "Kwa nini?"

"Niliogopa chumba kikae kitupu. Nilikuwa peke yangu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Phelesia alifuta machozi, akainuka.

"Twende," bibi akasema. "Safari hii tutafika."

Mzee Elkanah aliwapokea mlangoni, akawakaribisha viti. Aliposikia habari za ngozi alitikisa kichwa.

"Kwangu alifanya hivyo hivyo. Dishon si mwizi, na kodi hulipa. Lakini kazi yake haifai kufanyiwa katika chumba cha kulala, penye majirani. Nilisubiri mtu aje kuniuliza, nimwambie ampe banda la pembeni. Hakuna aliyekuja."

Siku ya soko Mzee Elkanah alikuja Kosele. Yeye na bibi walimketisha Dishon na kuzungumza naye. Alibisha, kisha akaona haya alipoambiwa habari za Machuki. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amepata banda karibu na machinjio. Phelesia alisugua sakafu ya chumba kwa majivu na maji ya moto, siku tatu mfululizo, na kuta zikapakwa chokaa.

Kisha alikwenda sokoni kumwomba Nyanchama msamaha. Machuki alikuwa amepona, naye amelala mgongoni mwa mama yake.

"Nimekusamehe, mwanangu," Nyanchama alisema. "Lakini nimeshapata nyumba kwingine. Siwezi kuhama tena."

Mwezi mzima vyumba viwili vilikaa vitupu. Jioni zilikuwa kimya kuliko hapo mwanzo. Phelesia alivumilia, na badala ya kukaa kizingitini alimsomea bibi kitabu chake cha shule.

Mwezi wa Agosti alikuja mshonaji aitwaye Benta, mwenye watoto wawili na cherehani. Phelesia hakungoja kutumwa. Alikwenda Kadongo alikotoka mama huyo, akamkuta mwenye nyumba wake wa zamani, akauliza yote, akarudi miguu ikiuma.

"Ni msafi, Dana, na hajawahi kuchelewesha kodi. Lakini wamesema ni mkali. Aligombana na majirani juu ya kamba ya nguo."

Alisema hivyo akijua kwamba huenda bibi akamkataa. Bibi alitabasamu.

Benta aliporudi, bibi alimwambia waziwazi alichosikia. Benta alicheka, akakiri. Wakakubaliana kila mpangaji awe na kamba yake, uwanja ufagiliwe kwa zamu, na mwenye kutaka kuhama atoe habari mwezi mmoja mapema. Phelesia akayaandika yote kwenye karatasi, na Mzee Elkanah, aliyekuwa amekuja sokoni, akaweka sahihi kama shahidi.

Jioni ya siku waliyohamia, watoto wa Benta walikimbia uwanjani wakipiga kelele. Bibi alimvuta mjukuu wake karibu.

"Mpangaji asiye na kasoro sitampata," alisema. "Namtafuta yule ambaye kasoro zake nazijua, ili tuzungumze kabla hajaingiza kitanda. Lakini nitazijuaje, kama niliyemtuma ananiletea maneno ninayotaka kuyasikia? Siku ile ulinificha jambo moja tu, na mtoto wa mwenzetu akaugua. Upweke unauma, najua. Mimi pia ninao. Siku nyingine ukikuuma, njoo uniambie. Usiniletee uongo."

"Ndiyo, Dana," Phelesia alisema, akaendelea kukaa pale, kichwa begani mwa bibi yake.