Silingi ya Boaz

Haya yalimpata shangazi yangu Kageha, na asiyetaka kuamini ashike hamsini zake. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa 1996, Gatina, pale Kawangware, na nilikuwa nimekuja kumsaidia kulea Brandon, mtoto wake wa miezi minane.

Ploti yetu ilikuwa ya mabati, na kuta za kutenganisha vyumba hazikufika paani. Jirani akipiga chafya, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Jirani mwenyewe alikuwa Nzembi, mama aliyeishi peke yake na pumu yake. Alikubaliana na shangazi kwamba kifua kikimbana atagonga ukuta mara tatu, shangazi akimbie kwake. Na alikimbia, mara nyingi tu.

Lakini kile kikohozi cha Nzembi, jamani! Brandon hakupata usingizi mchana wala usiku. Mume wa shangazi, Boaz, alikuwa akifunga silingi, yaani dari, kwenye nyumba za Olympic, kule Kibera. Jumamosi moja akaja na mabaki ya kazi.

"Kelele inapita hapo juu," akasema. Akaning'iniza fremu kwa waya, akapanga softibodi, zile mbao laini za dari, kisha juu ya ukuta wa Nzembi akasindilia pamba ya glasi, ile inayowasha mikono, mpaka pasibaki tundu. Ukuta wenyewe pia akaufunika.

"Na akigonga?" nikamuuliza shangazi.

"Akigonga tutasikia. Wacha mtoto alale."

Wewe, tulilala! Jumanne wapangaji wakavunja mlango wa Nzembi. Alikuwa amekufa, ameanguka kando ya ukuta wetu, vifundo vya vidole vimechubuka. Shangazi aliviona, akakaa chini palepale mlangoni. Nilimkasirikia sana. Hata leo bado kidogo.

Alhamisi, saa nane mchana, tulikuwa tunafua nje. Brandon alikuwa amelala ndani, mlango wazi, na hatukusikia chochote. Nikaingia kuchukua sabuni.

Mtoto alikuwa macho. Mdomo wazi. Machozi yanamtiririka, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

Sauti hakuna.

Nikapiga ukwenzi. Shangazi akaja, akamnyakua, akamtoa nje. Hakuna. Akamrudisha ndani. Uso wa mtoto ulikuwa unageuka rangi.

Juu ya silingi kitu kikagonga. Mara tatu.

"Nimesikia, Mama," shangazi akanong'ona. "Nimesikia sasa. Mtoto hana kosa."

Akamweka Brandon kitandani, akapanda juu ya meza, akang'oa softibodi kwa mikono. Akaivuta ile pamba. Ikamwangukia mabegani. Niliishika ili niitupe nje, na ilikuwa na joto, kama shuka ambalo mtu ameinuka sasa hivi.

Hapo ndipo Brandon akapata sauti. Tukashukuru Mungu, tukacheka huku tunalia.

Kisha tukasikiliza vizuri.

Hakuwa analia. Alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima, kile tulichokijua. Na mkono wake mdogo ulikuwa unagonga ukuta. Mara tatu. Anangoja. Mara tatu.

Shangazi akapiga magoti. "Nimekuja," akasema. "Niko hapa." Mkono ukatulia.

Tulihamia Riruta wiki hiyohiyo. Brandon sasa ni mwanamume mzima, na pumu hana. Lakini ukikutana naye, mwangalie mkono wa kulia, pale kwenye vifundo vya vidole. Yale makovu alikuwa nayo kabla hajajua kutembea.