Ripoti Iliyofungwa Ndani ya Dakika Nne

Ndugu zangu, habari hii ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, naye ameniruhusu kuisimulia. Nasema mapema ili asije mtu akadai nasengenya.

Jumamosi moja asubuhi nilipita kwao kunywa chai. Nyumba ilikuwa imetulia. Dada alikuwa akipiga pasi sare yake ya zahanati, watoto wawili wakichora sakafuni, na shemeji yuko kwenye meza yake ya dirishani, macho kwenye kompyuta, chai imempoa. Mtaani tulimwita Vifurushi. Wageni walidhani anauza muda wa maongezi.

Kazi yake haswa ilikuwa hii. Kuna mfumo wa kompyuta unaoitwa Linux, unaotolewa bure pamoja na maelfu ya programu. Programu haijipeleki humo yenyewe. Lazima mtu aichukue kwa walioitunga, aijaribu, aamue itaanza na mipangilio gani, kisha aitie muhuri wake, ili mtu wa popote duniani aandike amri moja tu na kuipata. Hicho ndicho kifurushi. Shemeji alifundisha hesabu shuleni, na saa zake zote zilizobaki alizitoa kwa kifurushi kimoja: kifaa cha kusimamia hifadhidata kwa kivinjari. Unafungua ukurasa kama unavyofungua gazeti la mtandaoni, na rejista zako zote ziko mbele yako. Unatafuta, unasahihisha, unafuta. Hata dada, asiyejua amri hata moja ya kompyuta, alikitumia kutunza rejista ya wagonjwa. Ndiye aliyekipeleka zahanati, kwa kujivunia mumewe.

"Baba watoto, nina neno," dada alisema.

"Mmh."

"Jana mgonjwa mmoja amenionyesha simu yake, pale kwenye benchi la kusubiri. Ameunganisha intaneti yetu, kabonyeza hapa na pale, mara anaona rejista. Majina, magonjwa, kila kitu! Hata nywila hakuulizwa."

"Mmh. Andika ripoti."

"Ripoti gani tena, na mimi niko hapa?"

"Mke wangu, kazi ina utaratibu wake. Kuna ukurasa wa ripoti. Wote wanaandika pale, na wote nawajibu."

"Shemeji," nikadakia, "na wewe ukitaka chai ya moto uandike barua."

Tulicheka wote. Nakiri mbele yenu kwamba nilicheka, nikamaliza chai yangu, nikaenda zangu.

Mtauliza mlango huo wa rejista ulifungukaje. Haukufunguliwa kwa ubaya. Mwanzoni kifaa kilimkubali mtu aliyekaa kwenye kompyuta kilimowekwa tu, na kwa kuwa alikuwa peke yake, shemeji akaona nywila ni usumbufu, akaiondoa. Hapo hapakuwa na hatari. Mwaka uliofuata watumiaji wakalalamika kwamba hawawezi kukifikia wakiwa kwenye kompyuta nyingine. Akawafungulia siku hiyohiyo. Wakamsifu, wakamwita mwepesi kuliko wote, na jina lake likapanda juu ya orodha ya wanaojibu ripoti haraka. Kila badiliko peke yake halikuwa na neno. Yalipokutana, rejista ikawa wazi kwa kila mwenye simu, na aliyebadilisha alikuwa akihesabu sifa.

Jumatatu dada aliandika ripoti akiwa kazini. Nimeiona kwa macho yangu: "Kifaa hiki kinafunguka kwa mtu yeyote aliye kwenye mtandao wetu, bila nywila. Tafadhali tusaidieni haraka. Mtunza kumbukumbu wa zahanati." Jibu lilikuja baada ya dakika nne: "Asante kwa ripoti. Haina namba ya toleo wala hatua za kurudia tatizo. Imefungwa."

Daktari mkuu, aliyekwisha kusikia habari ya simu ile, alimuuliza, "Mumeo amesemaje?" Dada akaona aibu kusema kwamba mumewe hamsikilizi. Akajibu, "Analishughulikia." Daktari akaridhika. Neno hilo moja lilimgharimu dada kuliko uongo wowote aliowahi kusema.

Kwenye mtaa wao kulikuwa na fundi cherehani, mama mpole asiye na maneno mengi. Alikuwa akitibiwa kifua kikuu, dozi inakaribia kwisha, na daktari alishamhakikishia kwamba hawezi kumwambukiza mtu. Hakumwambia yeyote ila dada, kwa sababu kadi yake ilipita mikononi mwake. Wiki ileile mtu fulani benchini aliona jina lake kwenye simu, akapiga picha, akawatumia wenzake. Siku ya tatu wateja walianza kuja kuchukua vitambaa ambavyo havijakatwa.

Fundi alikwenda kwa dada mchana kweupe.

"Mdogo wangu, nilikuambia wewe tu."

"Haki ya Mungu, dada, sijafungua mdomo!"

"Basi nani? Kuta?"

Zahanati, iliyodhani tatizo la rejista limeshatatuliwa, ikamsimamisha dada kazi mpaka uchunguzi umalizike. Alasiri hiyo alifika kwangu na watoto na mfuko wa nguo. Hakulia. Alisema, "Kaka, siwezi kuishi na mtu ambaye ili anisikie lazima kwanza niwe mgeni."

Kesho yake nilimwendea shemeji. Nilikuwa na hasira, sitawaficha.

"Dada yako angeniambia tu," alisema.

"Alikuambia. Mimi nilikuwepo."

"Ningekumbuka, shemeji."

"Haya, fungua ripoti za Jumatatu."

Alitafuta, akaipata, akasoma. Kisha akasoma jibu lake mwenyewe. Akairudia ripoti mara ya pili.

"Alisema 'tafadhali,'" alinong'ona. "Mke wangu kaniambia tafadhali, nami nikamuuliza namba ya toleo."

Akageukia kazi. Alibadilisha mistari miwili: kifaa kikubali kompyuta yenyewe tu, na nywila iwe lazima. Akajaribu, akatia muhuri, akakituma. Vyombo vilikuwa vimejaa kwenye sinki, nikaanza kuviosha, na kabla sijamaliza yeye alikuwa ameshamaliza. Roho iliniuma kuona jambo lilikuwa dogo kiasi hicho. Kisha akaandika tangazo kwa watumiaji wote: "Kosa ni langu. Niliarifiwa, nikafunga ripoti bila kuisoma." Alimpelekea daktari nakala kwa mkono wake, na dada akarudishwa kazini.

Kwa fundi cherehani tulikwenda wote watatu. Tulimkuta akifunga cherehani yake kwa kamba.

"Nisamehe, mama," shemeji alisema. "Nimeshapafunga. Hakuna atakayeona tena."

"Umefunga kompyuta, baba. Midomo je?"

Alimsamehe, maana ni mtu mwema. Ila kabla ya mwezi kwisha alihama, na hatujui alikohamia. Dada alirudi nyumbani wiki ya tatu, baada ya shemeji kumpata mwenzake wa kushika naye kifurushi, mtu wa kusoma kila badiliko kabla ya muhuri. Wanaelewana sasa. Lakini fremu ya duka alimoshonea yule mama inauza viatu siku hizi, na dada akifika hapo huvuka barabara.

FUNZO

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa za walio mbali ni tamu kwa sababu hawakujui. Hawakuoni unapompa mgongo mkeo. Kujibu haraka si kusikiliza. Na wewe uliyeshika kitu kinachotumiwa na wengi, hata kama hulipwi, ukiondoa kufuli ili usifiwe, ujue kuna mtu usiyemfahamu ambaye siri yake ilikuwa nyuma ya kufuli hilo.

Dada naye anasema niwaambie hivi: aibu ya kufichua kosa la mumeo ni ndogo mno ikilinganishwa na aibu ya baadaye. Mimi nilicheka mtu alipoomba kusikilizwa, na sitacheka tena.

Basi leo, kabla hujamjibu mgeni, mgeukie uliye naye chumbani umuulize: "Ulikuwa unasemaje?" Kisha unyamaze mpaka amalize.